Sura ya Sita: Huko Benki, Wanafunzi wa Fildi Hufanya Nini?

Kila ifikapo Julai, vyuo vikifunga, maswali yaleyale huanza tena katika nyumba nyingi za Tanzania. Mama anamwona binti yake akipiga pasi shati jeupe saa nne usiku, anauliza, "Mwanangu, hao benki wanakulipa?" Mjomba anataka kujua kama ataajiriwa akimaliza. Mdogo wake ana hamu ya jambo moja tu: dada ameshazishika fedha zenyewe? Naye binti, baada ya wiki mbili za kupanga mafaili katika chumba kisicho na dirisha, ana swali lake ambalo hajamwambia mtu: hivi kuna ninachojifunza hapa?

Sura hii inayajibu yote manne. La mwisho linapewa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu ndilo linaloamua kama likizo ile ilikuwa na faida. Jibu lake kwa kifupi ni kwamba kile chumba cha mafaili kinaionyesha benki vizuri kuliko hata kaunta, ila mwanafunzi hawezi kuiona kama hakuna aliyemwonyesha. Kinachokosekana katika fildi nyingi si kazi ya kufanya. Ni mtu wa kueleza kwa nini kazi hiyo inafanywa.

Fildi ni kitu gani, na nani anagharamia

Fildi ndilo jina ambalo wanafunzi wenyewe huyapa mafunzo kwa vitendo, yaani majuma ambayo mwanachuo hutumwa mahali pa kazi kama sehemu ya masomo yake. Wanaosomea uhasibu, fedha na benki katika vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) au Mzumbe huenda fildi wakati wa likizo ndefu, kati ya Julai na Oktoba, na mara nyingi hukaa huko kama majuma manane. Mwanafunzi huenda na barua ya utambulisho ya chuo. Kazini hupewa msimamizi, na siku moja mhadhiri kutoka chuoni humtembelea kuona anaendeleaje. Kila jioni huandika alichofanya katika kitabu cha kumbukumbu, msimamizi anatia sahihi, na mwisho kuna ripoti ya kurasa kadhaa. Alama za kazi hiyo zinaingia kwenye matokeo yake.

Watu wengi huchanganya fildi na mafunzo ya uzoefu kazini. Haya ya pili ni ya mhitimu, mtu aliyekwisha kumaliza chuo, na huchukua miezi mingi zaidi. Mwanafunzi wa fildi bado ana vitabu vyake na mitihani yake.

Kuhusu swali la mama: kwa kawaida, hapana. Benki nyingi hazimlipi mwanafunzi wa fildi mshahara, ingawa zipo zinazotoa nauli au chakula cha mchana. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, anaweza kupata fungu la mafunzo kwa vitendo ndani ya mkopo wake, na fungu hilo ni deni kama sehemu nyingine za mkopo. Asiye na mkopo hutegemea mfuko wa wazazi. Ndiyo sababu wengi hawatafuti tawi linalowafaa kimasomo, wanatafuta tawi lililo karibu na kwa shangazi, ambako watalala na kula bure.

Hapa kuna dhuluma ambayo haina budi kusemwa waziwazi. Kijana asiye na ndugu mjini, wala mtu wa kumfahamisha kwamba barua za maombi hupelekwa miezi kadhaa kabla ya likizo, mara nyingi huishia kufanya fildi mahali pasipohusiana na alichosomea. Amefaulu darasani kama wenzake, lakini ameanguka kwenye nauli. Nchini Kenya, Equity Bank ilianza mwaka 1998 utaratibu wa kuwachukua vijana waliofanya vizuri sana katika mtihani wa kidato cha nne na kuwapa kazi za muda zenye malipo katika matawi yake kabla hawajaingia chuo kikuu. Mtoto wa mkulima anaingia kwa alama zake, bila kutafutiwa mjomba. Benki za Tanzania zinaweza kulifanya hilo kwa wanachuo wa fildi, na gharama yake kwa benki kubwa ni ndogo mno.

Karatasi ya kwanza kusaini

Kabla ya kuonyeshwa kiti, mwanafunzi hupewa karatasi ya kusaini. Ni ahadi ya kutunza siri. Wengi huisaini haraka kama wanavyosaini mahudhurio ya darasani, na ni vizuri wangeisoma mara mbili.

Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inawabana wanaofanya kazi benki kutotoa nje mambo ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito mwingine juu ya jina, picha, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha mtu yeyote. Kwa maisha ya kila siku maana yake ni hii: mwanafunzi akiona mwenye nyumba wao akiingia kuweka fedha, nyumbani hasemi. Akijua salio la mwalimu wake wa sekondari, hasemi hata kwa kumsifu. Hapigi picha akiwa ameketi kwenye meza yenye fomu za watu, hata kama anaipenda sana ile tai yake mpya.

Kwa kijana wa miaka 21 hili ni zoezi gumu kuliko hesabu yoyote. Amezoea kuweka siku yake yote kwenye simu.

Chumba cha mafaili

Sasa tuingie katika chumba kile kisicho na dirisha. Ndani kuna kabati za chuma, rafu, harufu ya karatasi, na mafaili yaliyoandikwa namba za akaunti. Kazi anayopewa mwanafunzi ni kutafuta faili lililoombwa, kulirudisha mahali pake, na kukagua kama nyaraka zimetimia. Siku ya kwanza inavutia. Siku ya nne inachosha. Kufikia juma la pili kijana anaanza kuandika katika kitabu chake neno lilelile kila jioni: "Kupanga mafaili."

Tufungue faili moja la akaunti ya kawaida ya akiba. Kuna fomu ya maombi, picha ndogo ya mteja, sahihi ya mfano, nakala ya kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA, na pengine barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha anakoishi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mwanafunzi aliyeelezwa jambo hilo moja haangalii tena karatasi ileile kwa macho yaleyale. Anasoma fomu, mteja ameandika amezaliwa Machi 1988. Anatazama namba ya kitambulisho, inaanza na 198403. Kuna kitu hakikai sawa. Huenda mteja alikosea kuandika, huenda kitambulisho si chake. Mwanafunzi haamui. Anachomoa faili, analipeleka kwa msimamizi na kusema alichokiona.

Hapo hapo ameingia katika kazi ambayo benki duniani kote huiita kumjua mteja: kuhakikisha kwamba aliyefungua akaunti ni mtu wa kweli, anaishi mahali panapojulikana, na kipato chake kinalingana na fedha zinazopita. Lengo lake kubwa ni kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Hizo ni mbinu za kupitisha fedha za wizi, rushwa au dawa za kulevya katika akaunti hadi zionekane ni za halali. Tanzania ilitunga sheria yake ya kupambana na jambo hilo mwaka 2006, na benki inayoonekana kuzembea huadhibiwa. Akaunti yenye mauzo ya duka la rejareja ikianza ghafla kupokea mamilioni kutoka kwa watu wasiojulikana, maswali huanzia kwenye faili. Nani aliifungua? Alisema anafanya kazi gani? Nani alimhoji, na sahihi ya nani iko chini ya fomu?

Kwa hiyo anayepanga mafaili anashika ushahidi wa benki. Faili likipotea, benki haiwezi kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba mteja alisaini mkataba wa mkopo. Hati ya nyumba ikiwekwa katika faili la mtu mwingine, mwenye nyumba aliyemaliza deni lake atazungushwa kwa wiki nzima akifuatilia hati yake. Mambo haya hayahitaji mtaalamu kutoka makao makuu kuyaeleza. Ofisa yeyote aliyekaa tawini miaka mitatu anayajua, na angeweza kuyasema huku akinywa chai ya saa nne.

Msimamizi anayejali humpa mwanafunzi maswali ya kujibu kwa kila faili analolishika:

- Je, jina kwenye fomu, kwenye kitambulisho na kwenye mfumo wa kompyuta ni lilelile, herufi kwa herufi?
- Kazi aliyoitaja mteja inaendana na fedha alizosema atakuwa anaweka?
- Kuna sahihi ngapi za wafanyakazi, na kila mmoja alisaini kwa cheo gani?
- Ni karatasi gani imekosekana, na ikikosekana nani ataumia?

Kijana akijibu maswali hayo kwa majuma mawili, ripoti yake haitakuwa na neno "kupanga" kwenye kila ukurasa.

Fedha zenyewe, na sahihi ya pili

Mdogo wake aliuliza kama dada amezishika fedha. Mara chache sana, na ni vizuri iwe hivyo. Keshia anawajibika kwa kila shilingi iliyoko kwenye droo yake. Kukitokea upungufu jioni, yeye ndiye anayetafutwa, kwa hiyo hawezi kuruhusu mkono wa pili ndani ya droo hiyo. Mwanafunzi husimama nyuma akitazama. Anaona noti 100 za aina moja zikifungwa kuwa bunda, na bunda la noti za tembo ni shilingi 1,000,000. Anaona noti ikipapaswa kwa kidole gumba, ikiinuliwa kwenye mwanga, ikitenganishwa na wenzake. Anaona pia jinsi keshia hodari anavyohesabu mbele ya mteja, fedha zikiwa zinaonekana muda wote, ili pasiwe na ubishi wa "nilikupa laki tano".

Kilicho muhimu zaidi anachoweza kukiona kaunta ni sahihi ya pili. Muamala mkubwa hauishii kwa keshia. Yeye anauandaa, na mtu mwingine mwenye mamlaka anauidhinisha. Chumba cha kuhifadhia fedha hakifunguliwi na mtu mmoja: mmoja ana ufunguo huu, mwingine ule, na wote wawili wawepo. Mteja kwenye foleni huona ucheleweshaji. Mwanafunzi naye, kama hajaelezwa, anaweza kudhani ni kutoaminiana.

Mfano wa kinachotokea sahihi ya pili isipokuwepo unajulikana na kila mwenye kazi hii. Barings ilikuwa benki ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 ilimpeleka Singapore kijana aitwaye Nick Leeson. Huko akapewa kazi mbili ambazo hazipaswi kukaa mkononi mwa mtu mmoja: kununua na kuuza kwenye soko, na pia kusimamia ofisi inayoandika na kukagua manunuzi na mauzo hayo. Hasara akazificha katika akaunti namba 88888. Leeson mwenyewe ameeleza baadaye kwamba akaunti hiyo ilianza kwa kuficha kosa la mfanyakazi mgeni, aliyeuza pale alipotakiwa kununua. Kufikia Februari 1995 hasara ilikuwa pauni milioni 827, na benki yenye umri wa zaidi ya miaka 230 ikaanguka. Kampuni ya ING ya Uholanzi iliinunua kwa pauni moja.

Mwanafunzi wa fildi asome kisa hicho kuanzia mwanzo wake. Kosa la mgeni lilikuwa dogo na lingelipika. Kufichwa ndiko kulikoleta balaa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kijana aliyeko benki kwa mara ya kwanza ni kusema mapema anapokosea, hata kama amekosea kuandika tarakimu moja tu kwenye daftari.

Kwa ufupi hadi hapa: mwanafunzi hapewi fedha kuhesabu, anapewa karatasi. Karatasi hizo na sahihi mbili zilizo chini yake ndizo zinazomfanya mtu asiyemjua keshia akubali kumkabidhi akiba yake.

Mwisho wa mwezi

Kuanzia siku mishahara ya serikali inapoingia, tawi hubadilika. Walimu, wauguzi, askari na wastaafu hufika kwa wingi, mashine za kutolea fedha huzidiwa, na mwanafunzi huondolewa kwenye mafaili akasaidie ukumbini. Hapa ndipo wengi hukua kwa siku moja kuliko walivyokua kwa mwezi mzima.

Mzee mstaafu anamfuata binti aliyevaa beji ya mafunzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imeimeza kadi yangu. Ngoja nikutajie namba ya siri uniangalizie."

"Hapana, mzee wangu, hiyo usinitajie mimi, wala mtu yeyote humu ndani."

"Hata wewe mfanyakazi?"

"Hata meneja, mzee. Twende pale mezani, tunahitaji kitambulisho chako tu."

Mazungumzo hayo huchukua nusu dakika, lakini tazama kilichomo. Binti amesalimia kwanza. Amekataa bila kumwaibisha mtu mzima mbele ya foleni. Amemfundisha mzee jambo ambalo litamlinda jioni atakapopigiwa simu na tapeli anayejitambulisha kama "huduma kwa wateja wa benki". Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewaliza watu wengi nchini, na wazee wanaopokea kiinua mgongo ni miongoni mwa wanaowindwa zaidi. Mwanafunzi aliyejua kumjibu mzee yule amefanya kazi ya benki hasa.

Mahali tawi lilipo hubadilisha pia anachokiona. Huko Lindi, minada ya ufuta hufanyika katikati ya mwaka, na malipo ya wakulima waliouza kupitia vyama vyao vya msingi hupitia benki. Mwanafunzi aliye katika tawi la huko ataona wakulima wakifuatilia malipo yao, na ataelewa stakabadhi ghalani kwa kuiona: mkulima anapeleka mazao ghalani, anapewa karatasi yenye uzito na ubora, mazao yanauzwa mnadani, fedha zinaingia kwenye akaunti. Mwenzake wa Posta, Dar es Salaam, ataona zaidi barua za kampuni na malipo ya waagizaji wa bidhaa. Wote wawili wako benki, ila wanarudi chuoni na elimu tofauti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tawi la mji mdogo humfundisha mwanafunzi zaidi, maana watu ni wachache na kila mmoja anafanya kazi za aina nyingi.

Dawati la mikopo

Akibahatika, mwanafunzi hukaa majuma mawili na ofisa mikopo. Hapa ndipo benki inapopatia sehemu kubwa ya chakula chake. Watu wanaweka akiba, benki inaikopesha, na tofauti kati ya riba inayolipa na riba inayopokea ndiyo inayolipa mishahara, umeme na kodi.

Kitu cha kwanza anachopaswa kujifunza ni kwamba asilimia moja inaweza kuwa na maana mbili. Tuseme mkopo ni shilingi 2,000,000, muda ni miezi 12, riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba juu ya deni la mwanzo kila mwezi, hata baada ya mteja kurudisha nusu. Hiyo ni 60,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 720,000. Mkopeshaji wa pili anahesabu riba juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ni 60,000 ileile, halafu inashuka kila marejesho yanapoingia, na kwa mwaka mzima riba inafika kama 411,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 300,000, na wote wawili wametangaza asilimia 3.

Mwanafunzi akiielewa hesabu hiyo, aipeleke nyumbani siku hiyohiyo. Ndiyo hesabu inayowakosesha usingizi mama lishe na bodaboda waliochukua ile mikopo ya mtaani iliyopewa jina la kausha damu, ambako riba huhesabiwa kwa juma na dhamana ni televisheni ya sebuleni.

Kwa mtumishi wa umma kuna kanuni ya theluthi moja: makato yote yakishatolewa, mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi. Mwanafunzi atamwona ofisa akiweka hati ya mshahara mezani, akijumlisha makato ya mkopo wa zamani na mengineyo, kisha akimwambia mwalimu kwa upole kwamba milioni nane anazotaka haziwezekani, zinazowezekana ni nne. Mwalimu ataudhika. Ofisa amemwokoa.

Kwa mfanyabiashara hakuna hati ya mshahara, kwa hiyo ofisa huenda dukani. Mwanafunzi aliyechukuliwa kwenye ziara hiyo ajihesabu ana bahati. Ofisa anapitia daftari la mauzo, anatazama rafu zimejaa kiasi gani na vumbi limekaa kwenye bidhaa zipi. Anawauliza majirani kwa staha. Kabla ya kurudi tawini ameshaangalia pia taarifa za mteja katika taasisi zinazokusanya historia za mikopo, kujua kama anadaiwa kwingine.

Umakini wote huo una sababu. Mkopo usiolipwa kwa wakati na unaoelekea kutolipika huitwa mkopo chechefu, na ukizidi unaula mtaji wa benki, yaani fedha za wenye benki zinazotakiwa kubeba hasara kabla haijawafikia wenye akiba. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia benki tano kwa sababu mitaji yao ilikuwa chini ya kiwango cha sheria: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Wakulima ya Kagera. Wateja wao walielekezwa kwa Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo ilikuwa na kikomo cha fidia cha shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alilazimika kusubiri mali za benki zikusanywe. Kijana anayejaza fomu za mikopo akikumbuka wakulima wa Kagera na Njombe, hataona ukaguzi wa dhamana kuwa usumbufu.

Wenzao wa London

Wanafunzi wengi husikia kuhusu mafunzo ya kiangazi katika benki kubwa za uwekezaji za London na New York, nao hutamani. Ni kweli kwamba huko hulipwa vizuri, mafunzo huchukua karibu majuma kumi, maombi hutumwa karibu mwaka mmoja kabla, na wanaofanya vizuri huahidiwa ajira kabla hawajarudi chuoni. Lakini kuna upande wa pili. Agosti 2013 mwanafunzi wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 21 alikutwa amefariki alikokuwa akiishi London, mafunzo yake yakikaribia mwisho. Uchunguzi ulionyesha alikufa kwa kifafa, na msimamizi wa uchunguzi akasema uchovu huenda ulichangia, ingawa haikuweza kuthibitishwa. Kifo hicho kiliziamsha benki. Mwaka 2015 Goldman Sachs iliwaagiza wanafunzi wake wa kiangazi wasikae ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi.

Mwanafunzi anayetoka tawini Moshi au Tabora jioni, akarudi nyumbani kula na kulala, asijione amepunjwa kwa hilo.

Je, ataajiriwa?

Limebaki swali la mjomba. Hakuna benki inayowajibika kumwajiri mwanafunzi wa fildi, na asiye na uhakika asiahidiwe. Kazi za kaunta, ambazo zamani zilichukua vijana wengi, hazikui tena kama zamani. Tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa mawakala wa benki mwaka 2013, mteja anaweka na kutoa fedha kwenye duka la mtaani kwake. Kwa simu analipa ada, umeme na deni. Nafasi zinazoongezeka ziko kwingine: kukagua mikopo, kufuatilia miamala yenye shaka, kulinda mifumo, kuwasimamia mawakala. Zote hizo zinaanza na uwezo wa kusoma faili na kuona kisichokaa sawa.

Kinachomsaidia mwanafunzi baadaye ni mtu wa tawini anayemkumbuka kwa jambo maalumu. Meneja akiulizwa miaka miwili baadaye, atamkumbuka yule aliyegundua tarakimu za NIDA hazilingani. Hatamkumbuka aliyekuwa na viatu vizuri zaidi.

Kwa hiyo ombi la sura hii ni kwa mameneja wa matawi na wasimamizi wa fildi. Julai ijayo mtapokea tena vijana wawili au watatu wenye barua za chuo. Kabla ya kuwapeleka kwenye chumba cha mafaili, kaeni nao nusu saa. Fungueni faili moja mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, mkieleza kila karatasi iliwekwa kwa nini na nini kingetokea isingekuwepo. Wapeni juma moja na ofisa mikopo, na siku moja ya kwenda kwa wateja. Kama bajeti ya tawi inaruhusu, wapeni nauli. Na kitabu chao cha kumbukumbu kisainiwe na mtu aliyekisoma.